Utendi wa Mwana Kupona: Kutoka Hati na Sauti hadi Ukurasa wa Chapa

Aghalabu Utendi wa Mwana Kupona huhakikiwa kana kwamba ulizaliwa kitabuni. Mwanafunzi huufungua, akakuta beti 102 zilizopangwa kwa mishororo minne mifupi, kisha akaulizwa iwapo mtunzi anamdhalilisha mwanamke au anamtetea. Swali hilo si baya. Kasoro yake ni kuchukulia kwamba utungo umebaki ule ule tangu Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipoutunga mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858.

Umbo lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika hati nyingi za Kiarabu, ubeti mzima wa utendi huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo. Ni chapa ya herufi za Kirumi iliyouvunja mstari huo na kuvipanga vipande kimoja chini ya kingine. Kutokana na mpangilio huo, vitabu vya shule hufundisha kuwa utenzi una mishororo minne katika kila ubeti; yaani uamuzi wa mpiga chapa umegeuka kanuni ya arudhi! Tofauti hii si ya jicho tu. Ubeti unapokuwa mstari mmoja, kina cha mwisho, ambacho hukariri utendi mzima, hushuka kwenye ukingo wa ukurasa na kuziunganisha beti zote kuwa kauli moja ndefu. Unapokatwa vipande vinne, vina vitatu vya mwanzo hujitokeza, na kila ubeti huonekana umejifunga kama methali.

Hati hizo, zaidi ya hayo, zilimtaka msomaji wa namna yake. Maandishi ya Kiarabu yana alama tatu za irabu ambapo Kiswahili kina irabu tano, na mara nyingi herufi moja hubeba sauti za b na p. Asiyewahi kuusikia utungo angekwama mara kwa mara. Karatasi ilikuwa kikumbusho cha sauti, na sauti ilikuwa ya mtu anayejulikana, mbele ya wasikilizaji waliomjua mtunzi na nyumba yake.

Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliuondoa utungo katika mazingira hayo. Jina la Kiingereza lililoambatishwa linataja wajibu wa mke peke yake, ilhali utendi una adabu kwa watu wa kila daraja, maradhi ya mtunzi, na dua ndefu kwa jamaa zake. Yamkini jina hilo limewaelekeza wahakiki wengi kuliko beti zenyewe. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alikuwa na haki ya kutaka utungo huu uangaliwe upya kwa kuzingatia lugha na mamlaka.

Hata hivyo, hoja ya utendaji isivutwe kupita kiasi. Ni rahisi kudai kwamba kejeli ilikuwamo katika ghani, au katika kicheko cha wanawake chumbani. Lakini sauti iliyopotea haiwezi kuitwa shahidi wa upande wowote. Chapa nayo, pamoja na makosa yake, ndiyo iliyomfikishia utendi huu msomaji wa Kakamega na wa Nyeri.

Isitoshe, mtunzi mwenyewe hakuwa mtu wa sauti tupu. Mwanzoni anamwita bintiye asogee na kuchukua wino na karatasi. Baadaye anawageukia wanawake wote, akiwataka wasome. Mwishoni anataja idadi ya beti na mwaka wa utunzi, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba maneno yake yatapita katika mikono ya wanakili asiowajua, na kwamba mmoja wao aweza kupunguza au kuongeza ubeti.