Nguva wa Shaba

Jarife hutegewa papa, likamnasa nguva. Naye nguva, ambaye sharti apande juu kuvuta pumzi, hufa maji humo humo baharini kwake. Hivyo ndivyo alivyoadimika kuanzia visiwa vya Lamu hadi delta ya Rufiji. Kijana anaweza kuuza samaki ferini mpaka akaota mvi, asimtie nguva machoni.

Nguva niliyemwona akinikumbusha yule wa hadithi, nusu samaki nusu mwanamke, ni wa shaba nyeusi. Alitengenezwa mwaka 2017 na Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 2014 alikwisha kupeleka London maonyesho aliyoyaita kwa Kiswahili safi, Nguva na Nyoka. Huyu wa shaba aliketishwa kando ya maji huko Austin, Texas. Mkia kaukunja ubavuni kama mwanamke aliyetandika mkeka upenuni, mgongo kaunyoosha, na wala hahangaiki kumpendeza anayepita. Hana nywele ndefu za kuchana. Ni mweusi, mzito, mwenye siri zake.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi. Nguva jike ana maziwa karibu na makwapa, na mtoto hunyonya hapo. Wavuvi wa kale waliliona hilo, wakalikuza hata akawa mwanamke mzuri ambaye akikuita usiitike. Mutu ameshika pande zote mbili: uzito wa mnyama na hatari ya yule mwanamke. Ukimtazama hujui umwogope au umwamkie, na hilo haliji kwa bahati. Ni kazi ya mkono uliosikiliza hadithi kabla ya kushika udongo.

Mkono huohuo hutumia vitu tunavyovipita njiani. Walinzi wake, viumbe nusu mti nusu mwanamke, hujengwa kwa rojo la karatasi, gundi ya mbao, vijiti, vibuyu, shanga na udongo mwekundu wa kwao. Wakisimama chumbani, huwezi kusema ni mizimu ya jana au ni watu wa karne ambayo bado haijafika. Mwaka 2019 alipeleka wanawake wanne wa shaba kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Vishubaka vya ukuta wa mbele vilikuwa vitupu tangu 1902, vikingoja sanamu. Wakaketi humo, visahani vyao ving'aavyo vikirudisha jua, mithili ya malkia walioshuka kutoka nyota isiyojulikana.

Kwetu, ukiuliza nguva, mtoto atakuonyesha begi lake la shule: msichana wa plastiki, nywele nyekundu, macho makubwa, hana hatari yoyote. Simlaumu mtoto. Hajawahi kuambiwa kwamba maji yaliyo nyuma ya nyumba yao yalikuwa na mwenyewe.

Tunashangilia sanaa yetu inapopata ukuta ughaibuni, na ni haki. Lakini shaba hiyo ilitokana na masimulizi, na masimulizi tumeyatupa wenyewe. Kumrudisha nguva wa baharini kunataka sheria, doria na wavuvi kupewa njia nyingine ya kula. Kumhifadhi wa hadithi kulitaka jioni moja tu na mtu mzima wa kusimulia, na hata hiyo tuliiona ghali.