Kirotokas na Hesabu ya Sauti Zake

Vitabu vya fonolojia hukitaja Kirotokas, lugha ya watu wapatao 4,000 wa kisiwa cha Bougainville huko Papua New Guinea, kwa jambo moja tu, nalo ni uchache wa sauti zake. Sifa hiyo yatokana na makala ya Irwin na Jacqueline Firchow ya mwaka 1969, waliohesabu fonimu 11: vokali tano, na konsonanti p, t, k pamoja na wenzi wao ghuna waandikwao v, r, g.

Kwa lahaja waliyoisikiliza, yaani ile ya kati, sina ugomvi nao juu ya konsonanti. V yaweza kutamkwa b au m, na r kuwa n, l au d, wala maana ya neno isigeuke. Jambo la thamani zaidi katika makala yao ni kwamba sauti za puani hazisikiki ila kwa nadra, isipokuwa mwenyeji amwigizapo mgeni ajaribuye kusema lugha yake. Dhihaka hiyo naiona ushahidi mzuri kuliko jedwali, kwa kuwa yaonyesha kuwa mwenyeji azisikia sauti hizo na kuzihesabu za kigeni.

Juu ya vokali nina shaka. Zipo ndefu, ziandikwazo kwa kurudia herufi. Azihesabuye kuwa fonimu mbalimbali hatapata tena 11.

Lakini pigo kubwa lilitoka kwa Stuart Robinson, mwaka 2006, katika jarida la Oceanic Linguistics. Alionyesha kuwa katika lahaja ya Aita sauti za puani zapambanuka na b, d, g, hata konsonanti zikawa tisa. Wala mtu hawezi kukisia kwa kulitazama neno la lahaja ya kati kama Waaita watalitamka kwa m au kwa b. Basi yaelekea tofauti hiyo ni ya kale, nayo lahaja ya kati ndiyo iliyoipoteza. Hoja hiyo naikubali. Sisi nasi tunao mfano: asikilizaye Kiunguja peke yake atasema paa la nyumba na paa wa porini ni matamshi mamoja, ilhali Mmvita humtaja mnyama kwa p yenye pumzi.

Kwa hiyo kuandika leo kwamba “Kirotokas kina fonimu 11”, bila kutaja lahaja, ni uzembe. Tena wasifuo uchache huo hawafiki kwenye kitenzi, kikaacho mwisho wa sentensi. Viambishi vya nafsi ya mtenda ni vya namna mbili, na vitenzi visivyo na yambwa vimegawanyika, vingine huchukua hivi na vingine vile. Mgawanyo huo ndio uliokuwa mada ya tasnifu ya Robinson ya mwaka 2011, nayo yastahili wasomaji kuliko ile hesabu.