Tyler Warren: Jamani, Huyu Kijana Hana Asichokiweza?

Nimetoka sasa hivi kutazama video za Tyler Warren akiwa taiti endi wa chuo cha Penn State, msimu wake wa 2024, na moyo bado unanidunda. Drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, timu zinapochagua wachezaji wa vyuo, ilikuwa Aprili 2025. Timu iliyompita huyu ijiandae kujieleza kwa mashabiki wake!

Anza na Oktoba 12, Los Angeles, dhidi ya USC. Penn State wako nyuma 20-6 mapumziko. Wanarudi uwanjani, na nani kainama juu ya mpira kuuanzisha? Warren! Kazi hiyo ni ya senta, na senta kwa kawaida haruhusiwi kudaka pasi ya mbele. Lakini makocha wamewapanga wenzake wote wa mstari upande mmoja, yeye akabaki wa mwisho pembeni, na wa mwisho anaruhusiwa. Akaupitisha mpira kati ya miguu, akatimua mbio. Mpira ukamfikia kotabeki Drew Allar, akaurusha mbali, na Warren, yule yule aliyeuanzisha, akaruka na beki akaunyakua ndani ya eneo la mwisho. Yadi 32, tachidauni, yaani bao. Nilirudisha video nyuma nikidhani nimeona vibaya. Siku hiyo alidaka pasi 17 kwa yadi 224, na Penn State wakashinda 33-30 katika muda wa nyongeza.

Kwa mliolelewa na soka: taiti endi ana ajira mbili. Dakika hii anasukumana na majitu ya mbele ili mkimbiaji apate njia, dakika inayofuata anachomoka kwenda kudaka. Wengi wanaimudu moja, ya pili wanaivumilia. Warren kaongeza ya tatu na ya nne! Alikuwa kotabeki sekondari huko Virginia, na inaonekana: 2024 alirusha pasi ya tachidauni, akafunga nyingine 4 kwa kukimbia na mpira, juu ya pasi 104 alizodaka kwa yadi 1,233 na tachidauni 8. Tuzo ya John Mackey, ya taiti endi bora wa vyuo, wangempa nani mwingine?

Ana karibu mita 2 na kilo 116, na kumwangusha mtu mmoja peke yake ni ndoto. Beki wa pembeni anamrukia, anamning'inia kama begi la shule, safari inaendelea. Mikono yake ndiyo iliyonimaliza: mpira uliorushwa vibaya, chini au nyuma yake, yeye anaona sawa tu.

Kasoro zipo, za kuhesabika. Akizuia, mara nyingine anaingia na nguvu kabla ya miguu kukaa sawa, na beki mjanja anamkwepa. Kasi ya kuwaacha mabeki wepesi kwenye mstari mrefu sijaiona. Na msimu mkubwa chuoni ulikuwa huu mmoja. 2023 alidaka pasi 34 tu.

Wapo waliomweka Colston Loveland wa Michigan mbele yake, kwa wepesi wa kujitenga na mlinzi. Siwabishii sana. Ila mimi ningekuwa na chaguo la drafti ndani ya kumi ya kwanza, ningeliandika jina la Warren kabla hawajamaliza kuniuliza.