Safari Huanzia Kiptariet

Mvua ya Kericho haipigi hodi. Asubuhi jua huwaka juu ya mashamba ya chai, wachumaji wakikwanyua majani mawili na chipukizi. Alasiri mawingu hujikusanya ghafla, na siku nyingine mvua ya mawe huchanachana majani yaliyosubiriwa wiki nzima. Huko bondeni, mto Kiptariet, ambao asubuhi ulionyesha kila kokoto, huwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Mvuvi wa trauti hufunga vyombo vyake na kurudi nyumbani. Samaki huyo huwinda kwa macho, na maji yakichafuka haoni chambo.

Ndiyo maana mtu wa Kericho au Bomet anayepanga kwenda kuvua Rutundu, ziwa dogo ubavuni mwa Mlima Kenya, tayari ana elimu nusu. Amefundishwa na mito yake mwenyewe. Trauti ni mgeni nchini: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Hadi leo anadai alichozoea kwao, yaani maji baridi yenye hewa nyingi. Katika nchi ya chai, maji ya namna hiyo hutoka kwenye kivuli cha Msitu wa Mau. Mvuvi anayeupenda mto hupenda msitu kwanza. Mti ukikatwa juu, tope hufika chini.

Rutundu iko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Dunia ililisikia jina lake mwaka 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate huko. Wavuvi walikuwa wakilitaja zamani kwa sababu ya trauti wake.

Kupanga safari hiyo ni ufundi kamili, na unastahili sifa kama ule wa kurusha mshipi. Kwanza ni mwezi. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mwezi wowote utafaa. Kumbe njia ya kupanda kutoka Timau ikilowa hugeuka utelezi unaolaza gari shimoni. Januari na Februari ndiyo miezi ya kutegemea. Halafu vibali, na barabara ndefu ya Nakuru, Nyahururu na Nanyuki.

Usiku, chini ya taa, mvuvi huketi kufunga chambo. Anazungushia ndoana uzi na unyoya wa jogoo, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kitokee kitu mfano wa mdudu aliyeanguka majini. Kidole kikikaza mno, uzi hukatika. Kikilegea, chambo hufumuka kwenye mrusho wa tatu. Saa hizo za kimya ni uvuvi pia, ingawa ziwa bado liko mbali.

Mwisho hufungwa jikoni: blanketi mbili, maana usiku wa kule una baridi kali, sufuria, sukari, na majani ya chai ya nyumbani. Katika kimo kile maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi tu, na chai hukolea polepole. Anayejua huongeza kijiko kimoja cha majani kwenye pakiti kabla ya kuifunga.