Maji 'Yaliyotibiwa' Yamepona Ugonjwa Gani?

Majuzi nilimsikia mtaalamu mmoja redioni akieleza jinsi majitaka 'yanavyotibiwa kwa membreni haibridi za nanopatikoli'. Nilicheka, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Kicheko kililetwa na utohozi. Wasiwasi uliletwa na kitenzi 'kutibu'.

Tuanze na jepesi. 'Utando' tunao, uwe wa buibui au wa maziwa yaliyochemka. 'Mseto' tunao pia: wali uliopikwa pamoja na pojo, ile ndengu inayolimwa sana Kitui na Makueni. Utando mseto basi ni plastiki yenye vitundu vidogo ajabu, iliyochanganywa na chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. 'Nano' naikubali, maana 'ndogo sana' si kipimo.

Sasa 'kutibu'. Plastiki ya utando huo huchuja. Chembe za fedha zikitiwa humo, huua bakteria. Zikitiwa za oksidi ya chuma, hunasa arseniki. Hizo ni kazi tatu, na kila moja ina kitenzi chake. Ya nini kuzifunika zote kwa 'kutibu'? Kwa mwananchi wa kawaida, maji yaliyotibiwa ni yaliyotiwa dawa, na dawa yenyewe ni klorini. Klorini huua vijidudu. Haiondoi zebaki wala risasi. Mama anayechota maji kwenye mchanga wa mto mkavu kule Ukambani anaijua tofauti hii bila kamusi: mchanga huchuja tope, lakini chumvi hupita.

Watetezi watasema eti neno limeshazoeleka. Sawa, lakini mazoea hayanyweki. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa ili likusanye maji ya Mto Athi, na Mto Nairobi, uliobeba uchafu wa jiji, huingia katika Athi. Siku wakazi watakapoambiwa 'maji yametibiwa', watauliza nini tena? Mgonjwa si amepona? Lakini wakiambiwa 'tope limechujwa, vijidudu vimeuawa', hakosi mmoja barazani atakayenyosha mkono: "Na metali je, zimenaswa?"

Istilahi nzuri ni ile inayomwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza swali hilo. 'Kutibu' tuwaachie madaktari.