Ngoma ya Watoto: Tahakiki ya Mazungumzo ya Vikundi katika Darasa la Kiswahili Mjini Kigali

Wahenga walisema: Ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii hutumiwa kuonya kwamba jambo lililoshikwa na wasio na uzoefu halidumu. Hatukusudii kuibishia methali, kwani ina mahali pake. Twakusudia kuuliza swali dogo linalotokana nayo: ni wangapi kati yetu walimu tuliowahi kukaa kando tukaisikiliza ngoma hiyo tangu inapoanza mpaka inapokwisha, kabla ya kuitolea hukumu? Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia. Mazungumzo ya watoto wakiwa kikundini aghalabu hatuyahesabu kuwa matini ya kuhakikiwa, ingawa humo ndimo lugha tunayoifundisha inapoishi au inapofia. Katika makala haya tutayachukua mazungumzo hayo kama mhakiki achukuavyo kazi yoyote ya sanaa: tutatazama umbo lake, wahusika wake, na kile kinachoyapa uhai.

Mfano wetu ni mji wa Kigali, na uteuzi huu una sababu. Kiswahili si mgeni mjini humo. Mji ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na lugha yetu ilifika pamoja na askari, wachuuzi na watumishi waliotoka upande wa pwani. Wakati wa utawala wa Wabelgiji wasemaji wake, wengi wao wakiwa Waislamu, waliishi katika mitaa yao ya pekee, na mpaka leo Biryogo na Nyamirambo ni mitaa ambamo Kiswahili husikika barazani na madukani. Baada ya mwaka 1994 walirejea Wanyarwanda wengi waliokuwa wameishi Tanzania, Uganda, Kenya na Kongo, na wengine wao walikuja na Kiswahili kinywani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa Kigali Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani, na Kiswahili hukutana nao shuleni. Basi humo darasani huketi pamoja mtoto aliyekinyonya Kiswahili kwa mamaye na mtoto aliyekiona kwanza ubaoni. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kutazama jinsi watoto wanavyowasiliana.

Kinachoonekana darasani

Mtaala unaozingatia umahiri, uliozinduliwa nchini Rwanda mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi awe mtendaji katika kujifunza, na kazi ya vikundi ni mojawapo ya njia zake kuu. Nia hii ni njema na twaiunga mkono. Lakini nia ya mtunzi na utendaji wa jukwaani ni mambo mawili, na mhakiki hana budi kuvitazama vyote viwili.

Kikundi cha kawaida tulichokiona ni hiki. Wanafunzi sita wamegeuza madawati wakatazamana. Ubaoni pameandikwa: Jadilini umuhimu wa maji. Mmoja, aghalabu yule anayeongoza katika mitihani, anashika kalamu na kusema: "Maji ni uhai. Namba ya pili?" Mwingine anajibu: "Kuoga." Wa tatu ananong'ona kwa Kinyarwanda, naye mwenye kalamu anamtafsiria na kuandika. Wa nne na wa tano wanatazama dirishani. Wa sita, ambaye nyumbani kwao Kiswahili ndicho lugha ya kila siku, hakusema neno. Baada ya dakika kumi mwakilishi anasimama, anasoma orodha, darasa linapiga makofi, na mwalimu anasema: "Vizuri sana."

Tukiuhakiki mchezo huu kama tamthilia, tutaona kasoro mara moja. Una wahusika sita lakini msemaji ni mmoja. Hauna mgogoro, kwa maana hakuna anayemhitaji mwenzake ili apate jibu. Tena hadhira yake ya kweli ni mwalimu peke yake. Hilo ni lile somo la kale la mwalimu kuuliza na mwanafunzi kujibu, lililovishwa vazi la kikundi. Wataalamu wa isimu Sinclair na Coulthard, katika utafiti wao uliochapishwa Uingereza mwaka 1975, walionyesha kwamba mazungumzo ya darasani hufuata hatua tatu: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutoa maoni yake. Madawati yanaweza kugeuzwa na hatua hizo tatu zikabaki pale pale.

Kinachosikika uwanjani

Kengele ya mapumziko ikilia, wanafunzi wale wale hutoka nje, na hapo twasikia matini nyingine kabisa. Wanaruka kamba, wanacheza mpira, wanagombania zamu. "Oya, wewe umekwisha ruka, sasa ni mimi!" "Hukusema!" "Nilisema, muulize huyu!" Kinyarwanda na Kiswahili vinashikana mikono katika sentensi moja, na hakuna anayesimama kutafuta ngeli. Lakini msikilizaji makini atagundua kwamba pana sheria kali. Kuna namna ya kuomba zamu, namna ya kumkatiza mwenzako bila kumvunjia heshima, namna ya kuita shahidi, na namna ya kukubali kushindwa. Mtoto wa Biryogo aliyekuwa bubu darasani sasa ndiye mwamuzi, kwani maneno ya kuamulia anayo.

Ni jambo lililokwisha kuthibitishwa kwingine pia. Iona na Peter Opie walipochapisha mwaka 1959 kitabu chao juu ya simulizi na lugha ya watoto wa shule wa Uingereza, walionyesha kwamba watoto hupokezana wao kwa wao hazina kubwa ya maneno, mafumbo na kanuni za mchezo, bila mkono wa mwalimu. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na hazina hiyo kabla haijaandikwa kitabuni. Jina lake ni kitendawili.

Kitendawili kama kipimo

Hebu tukitazame kitendawili kama mpango wa mazungumzo. Mtegaji hubisha hodi: "Kitendawili!" Hadhira humpa ruhusa: "Tega!" Asipopewa, hasemi. Kisha hutega jambo analolijua yeye na wenziwe hawalijui. Wenziwe hujaribu mmoja mmoja, na jibu lisilo sahihi halimwaibishi mtu, bali huzidisha utamu. Wakishindwa, mtegaji hudai: "Nipeni mji!" naye huupokea au huukataa, kisha hufumbua. Katika tendo hili fupi mna idhini ya kusema, mna zamu, mna pengo la maarifa linalowalazimisha watu kuzungumza, mna haki ya kukosea, na mna fidia ya kushindwa. Kila mshiriki ana kazi.

Mtoto wa Kinyarwanda hana haja ya kufundishwa mpango huu upya, kwa sababu anao. Kwao mtegaji husema "Sakwe sakwe!" na hadhira hujibu "Soma!", neno ambalo mwalimu wa Kiswahili hulitamka kila siku kwa nia nyingine. Mchezo wenyewe huitwa ibisakuzo. Na hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Kitenzi gusakuza kina maana mbili: kutegeana vitendawili, na kupiga kelele. Mwalimu anapoingia darasani na kuamuru kwamba mtu asisakuze, amekataza kelele. Lakini kwa neno lile lile amekataza pia chuo cha kwanza cha mazungumzo alichopitia mtoto huyo. Hatusemi kwamba kelele zote ni elimu. Twasema kwamba mwalimu asiyeweza kuzipambanua kelele za fujo na kelele za kikundi kinachotafuta jibu atazizima zote mbili.

Ukimya wa anayejua

Tumrudie yule mwanafunzi wa sita. Kwa nini anyamaze katika somo ambalo yeye ndiye tajiri wake? Sababu ni mbili, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza ni ya kihistoria. Kwa muda mrefu neno Mswahili, katika vinywa vya wengi nchini humo, lilibeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na lugha yake ilihesabiwa kuwa ya sokoni na ya stendi. Sheria ya mwaka 2017 iliipa lugha cheo, lakini sheria haiwezi kwa siku moja kuondoa aibu iliyokaa moyoni mwa mtoto.

Ya pili ni sisi wenyewe. Mtoto huyo akifungua kinywa na kusema "mimi naenda kununuaka", twamwambia kwamba hicho ni Kiswahili cha mtaani. Mwenzake akisema "jana nirirara mapema", twamkatiza kabla hajafika mwisho wa sentensi. Lakini Kinyarwanda hakitofautishi maana ya maneno kwa sauti r na l, na katika lugha hiyo kurara ni kulala usiku mahali. Mtoto hakukosa akili. Amelikuta neno la ukoo wake na kulitamka kama litamkwavyo kwao. Kulisahihisha ni wajibu. Kumkatiza mtu anayesimulia ni jambo jingine. Mtegaji wa kitendawili angekatizwa kwa ajili ya sauti moja, pasingekuwa na kitendawili.

Matokeo yake ni haya: mwenye lugha ananyamaza kwa aibu, asiye na lugha ananyamaza kwa hofu, na mwenye kalamu anasema kwa niaba ya wote. Tukiendelea hivi, Kiswahili cha Rwanda kitakuwa lugha ya cheti, ijulikanayo kwa alama na isiyosemwa na mtu. Wakati huo huo madereva wa malori yatokayo Dar es Salaam na Mombasa, na wachuuzi wa Nyabugogo, wataendelea kuisema bila msaada wetu wala heshima yetu.

Hoja ya mtihani na ya wingi

Tunazijua hoja za walimu wenzetu. Wa kwanza atasema kwamba darasa lina wanafunzi hamsini au zaidi. Wa pili atasema kwamba mtihani ni wa kuandika, na mazungumzo hayapati alama. Hoja hizi ni nzito, wala hatuzidharau. Hata hivyo, Douglas Barnes, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976, alitofautisha mazungumzo ya kutafuta na mazungumzo ya kuwasilisha. Katika ya kwanza mtoto husitasita, hurudia, hujipinga mwenyewe, na hivyo hujenga fikra. Katika ya pili huonyesha fikra iliyokwisha kamilika. Mwenye kulazimishwa kuwasilisha kabla ya kutafuta huwasilisha maneno ya mwingine. Insha nyingi tunazozilalamikia kwamba zinafanana ni mavuno ya vikundi ambavyo havikutafuta chochote. Na kuhusu wingi, ni hapo hasa kikundi kinapofaa, kwani mwalimu mmoja hawezi kuzungumza na hamsini kwa zamu, lakini hamsini wanaweza kuzungumza wao kwa wao.

Mapendekezo

Kwanza, kazi ya kikundi iwe na pengo. Badala ya kujadili umuhimu wa maji, wanafunzi wanne wapange safari ya kutoka stendi ya Nyabugogo hadi Ngara kupitia Rusumo. Mmoja apewe karatasi yenye nauli, wa pili yenye saa za mabasi, wa tatu yenye orodha ya mizigo, wa nne yenye masharti ya mpakani. Mtu asimwonyeshe mwenziwe karatasi yake. Hapo hakuna atakayefika asipouliza, wala atakayenyamaza bila kuwakwamisha wenzake.

Pili, tuwafundishe maneno ya kuongozea mazungumzo kabla ya mada yenyewe: "Naomba niongeze hapo." "Sijakuelewa, hebu rudia." "La, mimi naona vingine." "Ngoja kwanza amalize." Vitabu vyetu vimejaa mazungumzo ambamo kila mtu husema sentensi kamili kisha humngoja mwenziwe, humo mwanafunzi hapati silaha ya kuingilia wala ya kupinga.

Tatu, Kinyarwanda kisifukuzwe wakati wa kutafuta. Kiruhusiwe kama daraja, mradi kikundi kivuke na kufika ng'ambo kwa Kiswahili.

Nne, mwalimu awe msikilizaji. Achore duara, aandike majina ya wanakikundi pembeni yake, na kila mtu anaposema achore mstari kumwelekea aliyeambiwa. Baada ya dakika kumi karatasi itamwonyesha nani ni kitovu, nani ni kisiwa, na nani anaulizwa daima lakini haulizi. Makosa ya sarufi ayaandike kando, ayashughulikie mwishoni bila kutaja majina.

Tano, somo la vitendawili lisiwe orodha ya kukariri pamoja na majibu yake. Kitendawili kilichokwisha fumbuliwa kitabuni ni kama chungu kilichopinduliwa. Watoto wategeane vipya walivyovitunga wenyewe, na Sakwe sakwe akaribishwe ukumbini pamoja na nduguye.

Kwa ufupi, uhakiki wetu hauelekezwi kwa watoto. Sanaa ya kuzungumza kikundini wanayo, nasi tumeiona uwanjani. Kasoro iko katika kazi tunayowapa na katika sikio tunalowategea. Twawaomba walimu wenzetu, wa Kigali na wa kwingineko, watenge kipindi kimoja tu katika muhula huu, wakae kando na karatasi ile yenye duara, wasiseme neno mpaka dakika kumi zitimie. Wakisha kufanya hivyo, tutakuwa na jambo la kweli la kujadiliana.