Mshenga wa Dizeli

Injini ya dizeli ina nguvu, ila ina maringo. Haikubali kuanza na mzigo mgongoni. Iwashwe kwanza, izunguke bure, ishike kasi, ndipo itumwe. Mota ya umeme ni kinyume chake: nguvu yake kubwa ya kusukuma huitoa ikiwa bado imesimama. Mshenga wao ni jenereta. Hupokea mzunguko huku, hufikisha umeme kule, na injini haikutani kamwe na magurudumu.

Mwaka 1903 meli ya mafuta ya kampuni ya ndugu Nobel, Vandal, ilianza kazi katika mto Volga, Urusi, ikiwa na injini tatu za dizeli, kila moja ya nguvu za farasi 120. Injini za wakati ule hazikuweza kuzunguka kinyume, na meli isiyojua kurudi nyuma ni balaa mtoni. Basi injini zikaachwa zizunguke upande mmoja, mota za umeme zikageuza rafadha. Mwaka 1904 ikaja Sarmat, iliyokwenda mbele kwa injini kuzungusha rafadha moja kwa moja, na kurudi nyuma kwa umeme, maana nguvu ikipitia kwenye umeme, kiasi fulani hupotea. Mabishano ya wabunifu wa magari mseto wa leo, nguvu ipite moja kwa moja au ipitie umeme, yalikuwa yameanza tayari.

Sifa zangu lakini ni za fundi wa pale katikati. Jenereta ikidai nguvu kupita uwezo wa injini, injini hutoa moshi mweusi na kuzimika. Ikidai kidogo, uwezo ulionunuliwa kwa fedha nyingi hukaa bure. Huko Marekani, Hermann Lemp wa General Electric alibuni namna ya kurekebisha sumaku ya jenereta ili mzigo ufuate uwezo wa injini. Halafu kuna shafti inayounganisha injini na jenereta. Kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, shafti husokotwa kidogo. Msokoto ukipatana na mtetemo wake wa asili, chuma kinene hukatika. Hesabu hiyo abiria haioni, wala hatakiwi kuiona.

Tangu 2017 vichwa vya treni vya dizeli na umeme huvuta treni za reli ya kisasa (SGR) ya Kenya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Vichwa vya aina hii vikiteremka, mota hugeuka jenereta na kupunguza mwendo, lakini visipokuwa na betri, umeme huo huishia kuwa joto la kupeperushwa hewani. Fundi kijana anayetafuta pa kuanzia na aanzie hapo.